Kiporo si makombo

Mlango wa friji haukufunga. Niliusukuma kwa goti, nikasogeza sufuria ya nyama, nikalipandisha bakuli la maharagwe juu ya sinia la wali, nikausukuma tena hadi ukabana. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya pili ya sikukuu. Chakula kile kilikuwa kimeshinda mezani tangu saa nane mchana wa jana yake, kikalala hapohapo, kimefunikwa kwa vifuniko na vitambaa safi. Wageni wa mwisho waliondoka saa tano usiku na mimi sikuwa na nguvu ya kunyanyua hata kijiko. Nilipofanikiwa kuufunga ule mlango nilishukuru. Hakuna kilichotupwa.

Tulialika watu 40, wakaja 26, na tulikuwa tumepikia 60. Mama mkwe wangu ndiye aliyesimamia vipimo, na kwake hesabu ya sherehe ina kanuni moja tu: mgeni asikute sufuria tupu. Sikumpinga. Nilikubaliana naye kwa moyo wote.

Mchana huo tukala kiporo. Niliukaanga wali kwa mafuta kidogo mpaka ukafuka moshi, nikachemsha nyama, tukakaa kwa raha. Saa kumi alasiri mwanangu wa miaka minne akaanza kutapika. Binamu yake akafuata. Magharibi ilipoingia, wifi yangu, aliyekuwa na mimba ya miezi sita, alikuwa ameketi sakafuni bafuni amekumbatia ndoo, nami nimemshika mgongo nikirudiarudia "pole wifi, pole wifi" kama vile neno hilo lingeweza kumtoa kitu tumboni.

Wote walipona, na kabla ya usiku wa pili kuisha watoto walikuwa wanadai chakula. Lakini nakumbuka swali la daktari aliyetupokea. Hakuuliza kama nyama iliiva, wala kama tuliosha mikono. Aliuliza, "Wali ulilala wapi?" Nikamweleza. Akahesabu kwa vidole kuanzia saa nane mchana hadi saa nne asubuhi, akasema, "Saa ishirini." Nikamwambia kwa kujitetea kwamba niliupasha mpaka ukatoa moshi. Akatikisa kichwa taratibu, akanifafanulia jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa miaka yote niliyopika.

Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus ambaye makazi yake ni udongoni, na hufika jikoni pamoja na nafaka. Maji yanapochemka, bakteria wengi hufa, ila huyu hujifungia ndani ya ganda gumu linalostahimili kuchemshwa. Wali unapoivishwa na kuachwa mezani ukiwa vuguvugu, ganda hufunguka, bakteria huamka na kuzaliana, na wakizaliana huweza kuacha sumu ndani ya wali. Hapo ndipo kosa langu lilipolala: sumu ile ya kutapisha haivunjwi na moto wa jikoni. Unaweza kukaanga, kuchemsha, kuunguza hadi ukoko, nayo ipo palepale. Wali wenyewe hauchachi wala hautoi harufu ya kukuonya. Wangu ulinukia vizuri kabisa. Hatukupima kitu maabara, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ndiye yeye aliyetuangusha, lakini kutapika saa chache tu baada ya kula wali uliolala nje ndiyo sura yake hasa.

Na wali haukuwa peke yake. Ile sufuria ya nyama, kubwa na nzito, imefunikwa kwa upendo, ilikuwa na hatari yake. Chakula kingi kikikaa katika chombo kimoja chenye kina, pembeni hupoa huku katikati kukibaki na joto kwa saa nyingi. Kati ya nyuzijoto 5 na 60 ndipo bakteria wengi wanaoharibu tumbo hustawi, na katika hali inayowafaa baadhi yao huongezeka maradufu kila dakika 20. Anza na mmoja, baada ya saa saba wamepita milioni mbili. Mwenzake mmoja wa Bacillus, Clostridium perfringens, naye hustahimili kuchemshwa na hupenda hasa nyama na michuzi iliyopikwa kwa wingi ikaachwa ipoe polepole. Nilipofunika sufuria ile usiku, nilidhani namlinda mtu.

Nimeandika haya kwa urefu kwa sababu kwa muda mrefu nilitafuta kosa mahali pasipo lake. Nililaumu friji ndogo. Nililaumu wageni ambao hawakutokea. Ilinichukua sikukuu mbili nyingine, na mifuko mingi ya takataka, kuona kwamba chakula changu hakikuwa kinaharibika kwa kuwa kingi. Kiliharibika kwa kuwa nilichelewa kuamua.

Nieleze chanzo cha kuchelewa huko, maana nadhani si changu peke yangu. Nimelelewa katika nyumba ambamo mama yetu alihesabu vipande vya nyama kabla ya kupakua, na kipande chake mwenyewe mara nyingi hatukukiona. Mtu aliyekulia hapo hawezi kumwaga chakula bila mkono kutetemeka. Kwa hiyo nilikuwa nakiacha. Kukiacha mezani usiku kulikuwa ni kutokukitupa. Kukisogeza nyuma ya friji kulikuwa ni kutokukitupa. Siku ya tano, kilipoota ukungu au kutoa harufu, hatimaye nilikitupa, lakini sasa kikiwa kibaya, na dhamira yangu ikawa tulivu kwa sababu aliyekiua si mimi. Mama angeona mchezo huo mara moja. Chakula kile kile, siku ya kwanza, kingemlisha mtu.

Mwaka uliofuata nilipima nilichotupa baada ya sikukuu, kwa mizani ya jikoni, mfuko kwa mfuko, siku sita mfululizo. Jumla ilikuwa kilo 11. Baadaye nilipokutana na ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, iliyotoka mwaka 2024, sikuisoma kama habari za watu wengine. Inakadiria kwamba mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani, si hotelini wala madukani. Hizo za majumbani peke yake ni wastani wa kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka. Nyumba yangu ilikuwa imetoa 11 ndani ya wiki moja, kwa sherehe moja.

Kilichonisaidia kuanza upya ni maneno mawili ambayo tunayo tangu zamani na mimi nilikuwa nimeyachanganya. Tuna kiporo na tuna makombo. Kiporo ni chakula kilichobaki sufuriani, hakikuguswa na mkono wala kijiko cha mlaji, kikalala na kuliwa kesho yake; mtoto hukimbilia jikoni asubuhi kukitafuta. Makombo ni yaliyosalia kwenye sahani baada ya watu kula. Hakuna anayemkaribisha mwenzake makombo. Sasa tazama meza ya sherehe: masinia yako katikati, kila mtu anachota, kijiko cha mchuzi kinaingia kwenye wali, watoto wanadokoa nyama kwa vidole, upawa mmoja unazunguka bakuli tano. Kufika saa mbili usiku chakula chote cha mezani, hata kile ambacho hakijaliwa, kimeshageuka makombo. Nilikuwa naweka makombo ya watu 26 kwenye friji na kuyaita kiporo.

Kwa hiyo mabadiliko ya kwanza hayakuhusu friji. Yalihusu kupakua. Sasa chakula hakiendi chote mezani. Nikishaepua, natenga sehemu ya mezani, kama nusu, nayo huongezwa kidogo kidogo inapopungua. Iliyobaki inasubiri jikoni, na hapo ina njia mbili: ama inakaa juu ya moto mdogo, moto kweli, zaidi ya nyuzijoto 60, ama inagawanywa na kupozwa mara moja. Hakuna njia ya tatu ya kukaa vuguvugu chini ya kitambaa.

Mama mkwe hakupenda. "Mwanangu," aliniambia, "mgeni akiona sinia nusu atasema tunambania." Nilijua hoja yake ina uzito, kwa hiyo sikubishana, nilitumia masinia madogo, yakaonekana yamejaa. Akanyamaza, ingawa jicho lake lilizunguka mezani mchana kutwa likitafuta sinia lililopungua, na kila alipoliona aliliita jikoni kabla sijaliona mimi. Sikukuu ile hakuna mgeni aliyesubiri chakula hata dakika moja. Yeye ndiye aliyefanya mpango wangu ufanye kazi, na nilimwambia hivyo.

Kupoza ndiko kunakotaka juhudi, na kunakuja wakati mbaya, pale unapotaka kukaa na wageni. Sheria ninayoifuata ni saa mbili tangu chakula kitoke motoni hadi kiingie kwenye friji. Siku ya joto kali, linapopita nyuzijoto 32, ni saa moja tu. Sufuria kubwa haiwezi kupoa ndani ya muda huo hata ukiipulizia. Nakigawanya chakula chake. Mchuzi unaingia kwenye vyombo vipana visivyo na kina, usizidi kimo cha vidole vitatu. Wali nautandaza kwenye trei kama ninaanika. Nikiwa na haraka, naiweka sufuria ya mchuzi ndani ya beseni la maji baridi yenye barafu na kuukoroga. Unapoa kwa dakika ambazo vinginevyo zingekuwa saa. Mvuke ukiisha, vifuniko, friji. Zamani niliambiwa chakula kisiingie kwenye friji mpaka kiwe baridi kabisa. Ni kweli kwamba sufuria kubwa la moto litapandisha joto la friji nzima na kuhatarisha vingine, lakini vyombo vidogo vyenye uvuguvugu havina shida hiyo, mradi visibanane. Hewa baridi inahitaji pa kupita. Friji iliyoshindiliwa kama yangu ya siku ile inaonyesha taa tu, haipoozi.

Nilinunua kipimajoto kidogo cha friji na ndicho kilichonishangaza kuliko vyote. Friji yangu, ambayo niliiamini miaka tisa, ilikuwa nyuzijoto 9. Inatakiwa isizidi 4 au 5. Nilikuwa nimeweka kitufe palepale ilipotoka dukani.

Wali haukai kwangu zaidi ya siku moja baada ya kupikwa, na naupasha mara moja tu. Nyama, maharagwe na mboga zilizopikwa nazipa siku tatu, nne zikizidi sana, nikijua friji yangu sasa ni baridi kweli. Kupasha ni mpaka katikati kufike nyuzijoto 74; asiye na kipimajoto aangalie mchuzi uchemke na kutoa mapovu katikati, maana mapovu ya pembeni hudanganya. Napasha kiasi kitakacholiwa mlo huo tu. Sufuria nzima inayotolewa, ikapashwa, ikarudishwa, ikatolewa tena jioni, kila safari inapita katika lile joto la hatari kwenda na kurudi.

Wifi yangu alikuwa na sheria kali zaidi alipokuwa na mimba, na tangu siku ile sikumshawishi kuilegeza. Kuna bakteria aitwaye Listeria ambaye huendelea kukua hata ndani ya friji, polepole, na kwa mjamzito anaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Alikula kilichotoka motoni na kilichopashwa hadi kuchemka, basi.

Friza ilinifungulia mlango ambao sikujua nilikuwa nao. Kugandisha hakuui bakteria wote. Kunawalaza tu, kwa hiyo kinachogandishwa kikiwa kimechakaa kitayeyuka kikiwa kimechakaa. Ndiyo maana nagandisha siku ileile, si siku ya nne kwa kutubu. Michuzi, supu, maharagwe na mkate vinagandishwa vizuri. Viazi vya kuchemsha hugeuka sifongo, na mayai ya kuchemsha ute wake hukakamaa kama mpira. Hivyo tunavimaliza mapema. Naacha nafasi juu ya chombo kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, nami nilishapasua bakuli zuri la kioo kwa kutolijua hilo. Naandika jina la chakula na tarehe kwenye kipande cha gundi ya karatasi. Bila tarehe, kila chombo kwenye friza ni cha zamani na hakuna anayekigusa. Kukiyeyusha nakihamishia kwenye friji usiku, kamwe si mezani.

Sasa nije kwenye kuwagawia wengine, maana huko ndiko moyo wangu ulipo. Zamani niligawa siku ya tatu, tulipokwisha kukichoka. Nilimpelekea jirani kijana anayeishi peke yake chakula ambacho nyumbani kwangu watoto walikuwa wanakikunjia uso. Alinishukuru kwa adabu. Nilipokuwa natoka nilikiona chombo cha safari iliyopita kwenye ngazi yake, kimejaa. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa na aibu ambayo sijaisahau, kwa sababu nilimfanya awe pipa langu la takataka na nikataka anishukuru.

Sasa ninagawa kabla wageni hawajaanza kula. Kile kilichotengwa jikoni, safi, hakijaguswa, ndicho kinachopakiwa kwanza. Namuuliza mtu mapema kama angependa, na kama ana friji, na kama kuna kisichomfaa. Kisha kinampata kikiwa cha moto, saa ileile sisi tunapokaa mezani. Yule kijana siku hizi hujibu kwa kunitumia picha ya sahani tupu. Kwa wageni wenyewe, naomba katika mwaliko kila familia ije na chombo kimoja chenye kifuniko. Niliogopa kuandika sentensi hiyo, nikidhani itasikika vibaya. Hakuna aliyekwazika. Wazee walifurahi kuliko wote, kwa sababu kesho yake hawapiki. Anayesafiri zaidi ya saa mbili simpi nyama wala wali, nampa mkate na matunda.

Kiasi chenyewe pia kimepungua, lakini pole pole, kwa daftari. Kila sherehe naandika waliokuja, nilichopika, kilichobaki. Nilikuwa napika kilo moja ya mchele kwa watu watano. Daftari likaonyesha kwamba panapokuwa na vyakula vingine vinne mezani, kilo moja inawatosha watu 11, na wakati mwingine inabaki. Sikuhitaji mtaalamu, nilihitaji kumbukumbu ya mwaka jana, ambayo kichwani mwangu huwa imejaa nyimbo na nyuso, wala haina kilo.

Makombo halisi ya sahani yanakwenda kwenye shimo la mboji: maganda, mboga, wali. Nyama, mifupa na mafuta siweki humo kwa sababu huita panya. Na mifupa iliyopikwa hatumpi mbwa tena. Hupasuka vipande vyenye ncha. Mchuzi wenye vitunguu nao ni sumu kwake, jambo nililolijua nikiwa nimeshampa kwa miaka.

Sikukuu iliyopita mambo yalikwenda vizuri mpaka kwenye wali. Sinia moja dogo lilibaki kwenye meza ya barazani, walipokuwa wazee wakizungumza, na sikuwa na moyo wa kuwakatiza. Nilipolikumbuka zilikuwa zimepita saa nne. Wali mweupe, umetulia, haujaguswa, wa kutosha watu sita. Nilisimama nao jikoni. Mama mkwe aliingia, akaangalia sinia, akaangalia saa ya ukutani. Alijua ninachofikiria na mimi nilijua anachofikiria, kwa sababu yeye naye amelelewa na mtu aliyehesabu vipande.

"Umelala?" aliuliza.

"Tangu saa tisa, Mama."

Nikaumwaga. Haukuwa rahisi kuliko mara ya kwanza. Alisubiri hadi sinia likawa tupu, kisha akalichukua mkononi mwangu, akafungua bomba, akaanza kulisugua.